Kutetemeka kwa mikono na ultrasaundi ya ubongo: kipimo hiki kinajibu swali lipi?

Mpigapicha wa Kizingo:

Assalaam alaykum na salamu kwenu nyote wanajukwaa. Ninafanya kazi ya ultrasaundi hapa Mombasa, zaidi ya moyo na mishipa ya damu, na siku hizi jamaa za wagonjwa wananiuliza swali moja mara kwa mara: je, ni kweli kwamba ubongo wa mtu mzima unaweza kuonekana kwa ultrasaundi, na kwamba picha hiyo inaweza kueleza kwa nini mzee anatetemeka mkono au anaburuta mguu? Ni kweli, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu video zinazosambaa kwenye simu zinakisifu kipimo hiki kana kwamba kinatoa hukumu ya mwisho.

Mwaka 1995, Georg Becker na wenzake wa Würzburg, Ujerumani, waliripoti kwamba wagonjwa wengi wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo wa polepole, waliopigwa ultrasaundi ya ubongo walionyesha mng'ao usio wa kawaida katika eneo dogo la ubongo wa kati liitwalo substansia nigra. Hapo ndipo zilipo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo, na ndizo zinazokufa katika ugonjwa huo. Taarifa hiyo ilipokewa kwa shaka, maana wataalamu wengi waliamini kwamba fuvu la mtu mzima haliruhusu picha ya maana kupita. Hata hivyo, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa: mwaka 1982 Rune Aaslid alionyesha kwamba mawimbi ya masafa ya chini yanaweza kupenya mfupa mwembamba wa panja na kupima kasi ya damu ndani ya ubongo. Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika leo kwa watoto wenye selimundu, ambapo kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde huwa ni onyo la hatari ya kiharusi. Baada ya Becker, vikundi vingine vilirudia uchunguzi wake na kupata jambo lilelile: wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wa Parkinson wana mng'ao huo.

Kipimo chenyewe hakina mbwembwe. Mgonjwa analala chali, mpimaji anakaa upande wa kichwa chake, anapaka jeli mbele ya sikio, juu kidogo ya mfupa wa shavu, na kuweka probu, yaani kile kifaa cha mkononi kinachotuma mawimbi, ileile tunayotumia kwa moyo, yenye masafa ya megahezi 2 hadi 3. Kina huwekwa sentimita 14 hadi 16 ili mfupa wa fuvu wa upande wa pili uonekane, na hiyo ndiyo alama ya kwanza kwamba mawimbi yamepita. Kisha probu huinamishwa polepole mpaka ubongo wa kati utokeze, mweusi, wenye umbo la kipepeo, ukizungukwa na ukingo mweupe. Ndani ya kila bawa hutafutwa ule mng'ao. Picha husimamishwa na kukuzwa, mpimaji huzungushia mstari eneo linalong'aa katika bawa lililo karibu na probu, na mashine huhesabu ukubwa wake. Halafu anahamia panja la pili na kuanza upya.

Sasa angalieni ukubwa tunaouzungumzia. Katika mashine nyingi, mpaka kati ya kawaida na isiyo kawaida uko karibu na sentimita za mraba 0.20, na kuanzia 0.25 mng'ao huhesabiwa kuwa mkubwa. Sentimita za mraba 0.20 ni mraba ambao kila upande wake haufiki hata milimita tano. Ukizungusha mstari kwa mkono mzito, mtu mzima wa afya anageuka mgonjwa kwenye karatasi.

Mng'ao wenyewe unadhaniwa kutokana na kurundikana kwa madini ya chuma katika eneo hilo. Seli zinazokufa hazionekani kwa ultrasaundi, na mng'ao hauongezeki kwa kuwa ugonjwa umeongezeka. Mtu aliyeanza kutetemeka mwaka huu na mtu aliyeugua miaka kumi wanaweza kuwa na picha zinazofanana kabisa. Kwa hiyo anayekuambia urudi kila baada ya miezi sita kuangalia kama dawa zinafanya kazi anakula pesa zako.

Sharti jingine ni mfupa. Katika tafiti za Ulaya, kati ya watu 10 yupo mmoja, pengine wawili, ambao panja lao halipitishi mawimbi ya kutosha, na tafiti za Japani zimepata wengi zaidi, hasa wanawake wazee. Mfupa unapozeeka hunenepa na tabaka lake la kati huyatawanya mawimbi. Kwa mtu kama huyo ripoti ya haki ni sentensi moja inayosema kwamba dirisha la mfupa halikutosha na kipimo hakikufanyika.

Nawakaribisha kwa maswali na hasa kwa upinzani.

Hesabu Ngumu:

Ahsante kwa maelezo, lakini nina la kuuliza. Ikiwa kipimo kinawakamata wagonjwa 9 kati ya 10, hakina mionzi, hakina sindano, na mashine zenye probu ya moyo tayari ziko katika mji huu, kwa nini tusiandae kambi ya siku moja pale Makadara, wazee wote waliopita miaka 60 wapimwe bure, na wagonjwa wajulikane mapema? Tumefanya hivyo kwa sukari na presha. Ninaona kama wataalamu wanapenda kuficha vitu vyepesi nyuma ya milango mizito.

Mpigapicha wa Kizingo:

Ndugu Hesabu, jina lako lenyewe litanisaidia. Ugonjwa wa Parkinson huwapata karibu asilimia 1 ya watu waliovuka miaka 60. Tuseme wamekuja wazee 1,000. Wagonjwa kati yao watakuwa kama 10, na kipimo kitawaonyesha 9. Wasio wagonjwa ni 990. Lile ambalo sikulitaja mwanzoni ndilo linaloharibu kambi yako: mtu mmoja kati ya watu wazima 10 wenye afya ana mng'ao huohuo bila kuwa na ugonjwa, na wengi wao hawataupata maisha yao yote. Asilimia 10 ya 990 ni 99. Mwisho wa siku utakuwa na watu 108 walioshika karatasi yenye neno la kutisha, na kati yao 9 tu ndio wagonjwa. Ni kama mmoja kwa kila 12. Hao 99 utawaambia nini wakirudi nyumbani Likoni na hofu ya ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa?

Sasa chukua watu wengine: wagonjwa 100 ambao daktari amewapima kwa mikono yake, ameona dalili, na anasita baina ya Parkinson na ugonjwa mwingine unaofanana nao. Tuseme nusu yao wana Parkinson. Kipimo kitaonyesha 45 kati ya hao 50, na kwa makadirio yaleyale kitawaonyesha kimakosa kama 5 kati ya 50 wengine. Hapo karatasi yenye mng'ao ni kweli mara 9 kati ya 10. Mashine ni ileile, mkono ni uleule, kilichobadilika ni aliyelala kitandani.

Sukari na presha ni jambo jingine, kwa sababu ukimgundua mtu mapema unacho cha kumpa kinachozuia madhara. Kwa Parkinson hatuna dawa iliyothibitishwa kuzuia ugonjwa usiendelee. Dawa tulizonazo zinatuliza dalili, na zinaanza kutolewa dalili zinapoanza kumsumbua mtu.

Binti Tudor:

Shukran kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili. Babangu amepita miaka 60, ni fundi seremala aliyepumzika kazi. Mkono wake wa kulia unatetemeka anapokuwa ameketi barazani bila kufanya kitu, dole gumba na kidole cha shahada vikisuguana kama mtu anayevuta uradi na tasbihi haipo. Akinyanyua kikombe cha kahawa mkono unatulia mpaka kikombe kinafika mdomoni. Sahihi yake imekuwa ndogo kiasi kwamba mtu wa benki aliikataa. Mamangu ameongeza kwamba tangu mwaka jana baba hasikii harufu ya udi hata chetezo kikiwa karibu naye, jambo ambalo sisi tulilifanyia mzaha tu.

Ami zangu wanasema ni uzee. Wengine wametushauri twende kwa mtu wa kumsomea, na amesomewa, alhamdulillah, amepata utulivu wa moyo ila mkono uko vilevile. Nauliza: nimlete apigwe ultrasaundi kwanza, ili tukienda kwa daktari tuwe na kitu mkononi?

Tabibu Nyali:

Dada yangu, Mola amjaalie baba afya. Mimi ni daktari, bado ninasomea ubingwa wa maradhi ya ndani, na ningependa kukujibu hili kwa urefu kidogo. Anzeni na daktari. Ugonjwa wa Parkinson, tangu James Parkinson alipoueleza kule London mwaka 1817 hadi leo, hutambuliwa kwa macho na mikono ya anayekupima. Vigezo vinavyotumika duniani, vilivyotolewa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa ya mwendo, vinataka kwanza uwepo upole wa mwendo, yaani viungo kusogea polepole, kisha pamoja nao ama kutetemeka mkono unapopumzika, ama ukakamavu wa viungo. Kutetemeka peke yake hakutoshi, na kuna wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa, ambao huja wakilalamikia bega lililokakamaa na kutibiwa bega kwa muda mrefu.

Upole huo hupimwa kwa jambo dogo. Daktari atamwambia baba agonganishe dole gumba na kidole cha shahada haraka, apanue kadiri awezavyo, tena na tena. Mkono wenye afya unaendelea. Mkono wa Parkinson huanza vizuri, kisha mapana yanapungua, kasi inapungua, na mara vidole vinakwama. Atamtazama pia akitembea, kuona kama mkono mmoja haupungi. Vipimo hivi havihitaji umeme.

Maelezo yako kuhusu kikombe yana uzito. Kuna ugonjwa mwingine, ulio wa kawaida zaidi kuliko Parkinson, ambao hutetemesha mikono yote miwili wakati wa kazi: kikombe, kijiko, kalamu, ufunguo mlangoni. Mara nyingi huwa katika ukoo, na hutibiwa kwa propranololi, isipokuwa kwa mwenye pumu. Mikono ya mgonjwa huyo hutulia ikiwa mapajani, yaani kinyume cha ya babako. Hapo pia ultrasaundi husaidia daktari anapotatizwa, maana wengi wa wagonjwa hao hawana ule mng'ao. Ila kwa baba yako, kabla ya yote hayo, nina swali ambalo watu husahau kuuliza: anatumia dawa gani, na amezitumia tangu lini? Zote, pamoja na za kizunguzungu, tumbo na usingizi.

Mfamasia wa Majengo:

Nashukuru swali hilo limeulizwa, kwa sababu ndipo sisi wa dukani tunapoingia. Ziko dawa zinazozuia kazi ya dopamini ubongoni, na mtumiaji, hasa mzee, huanza kutembea, kutetemeka na kukakamaa kama mwenye Parkinson. Za maradhi ya akili zinajulikana: haloperidoli, klopromazini, flufenazini ya sindano. Watu hawazishuku zile zinazoonekana nyepesi, yaani metoklopramidi ya kichefuchefu, proklopirazini na sinarizini za kizunguzungu. Mtu alipewa kwa wiki mbili, akaona nafuu, akabaki na pakiti tupu mfukoni, na tangu hapo anakuja kaunta kuionyesha na kununua nyingine. Mimi huwauliza, lakini nikikataa kuuza anavuka barabara.

Kwa haki ya uzi, niongeze kwamba kuna dawa zinazotetemesha mikono kwa njia nyingine kabisa, kama salbutamoli ya pumu na valproeti ya kifafa. Na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha pia, nayo hujulikana kwa kipimo cha damu.

Binti Tudor:

Nimempigia mama simu sasa hivi akanisomea pakiti. Ana dawa mbili za presha, na sinarizini. Hii ya mwisho aliandikiwa na zahanati fulani alipokuwa na kizunguzungu, na mama anasema ameinywa zaidi ya mwaka, huinunua mwenyewe. Nimwambie aache leo?

Tabibu Nyali:

Usimwachishe kwa maelekezo ya jukwaa, dada. Mpeleke kwa daktari wiki hii na pakiti zote mkononi, aamue yeye, kwa sababu atataka kujua kizunguzungu kilitoka wapi na kama dawa za presha zinahusika. Wala usimlaumu baba au mama.

Lakini sasa, kwa faida ya wanaosoma, uzi umefika mahali pake. Hapa pana uwezekano mara mbili. Wa kwanza ni kwamba sinarizini ndiyo iliyoleta dalili zote, na ikiondolewa kwa utaratibu zitapungua katika wiki au miezi inayofuata. Kwa wazee inaweza kuchukua miezi mingi. Wa pili ni kwamba baba alikuwa na Parkinson iliyojificha, na dawa ikaifichua tu kabla ya wakati wake. Dalili za dawa mara nyingi hushika pande zote mbili za mwili karibu sawa, na uwezo wa kunusa hubaki. Za babako ziko upande mmoja, na udi haunusiki. Hayo yananielekeza kwenye uwezekano wa pili, lakini kuelekezwa si kuthibitisha, na wapo wagonjwa wa dawa wanaotetemeka upande mmoja.

Hili ndilo swali ambalo ultrasaundi ya ubongo inafaa kuulizwa. Mwenye dalili za dawa peke yake kwa kawaida ana substansia nigra isiyong'aa. Ikionekana inang'aa sana, hasa pande zote mbili, daktari atakuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba kusimamisha dawa hakutamaliza jambo, na atamfuatilia kwa karibu badala ya kumwambia arudi baada ya mwaka. Vyama vya wataalamu wa Ulaya viliingiza kipimo hiki katika miongozo yao ya mwaka 2013 kwa kazi kama hii ya kutenganisha Parkinson na yanayofanana nayo, na wakasisitiza kisisimame peke yake.

Mtu wa Bamburi:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilisikia kwamba ultrasaundi inatibu kutetemeka moja kwa moja, mtu anaingia akitetemeka anatoka akiandika jina lake. Na la pili, vijana wa kwetu wanaotafuna muguka mikono yao inatetemeka, nao wapigwe?

Mpigapicha wa Kizingo:

La kwanza ni kweli, lakini ni mashine nyingine kabisa. Ile ya matibabu ina vyanzo vya mawimbi vipatavyo elfu moja vilivyopangwa kwenye kofia, vyote vikilengwa nukta moja ndani ya ubongo mpaka ichomeke kwa joto, huku mgonjwa akiwa ndani ya MRI ili joto lipimwe. Marekani iliidhinisha mwaka 2016 kwa ule ugonjwa wa kutetemeka wakati wa kazi alioutaja Tabibu. Mashine yangu haichomi kitu, na sitaki mtu aje kwangu akitarajia kutoka ameandika jina.

Kuhusu muguka, una kathinoni, ambayo ni kichangamshi, na vichangamshi vyote hutetemesha mikono vikiwa mwilini, hata kahawa ikizidi. Hilo si jambo la picha ya ubongo. Ila kijana anayetetemeka bila sababu inayoeleweka asipuuzwe kwa kusingiziwa muguka.

Tabibu Nyali:

Nakazia hapo. Mtu aliye chini ya miaka 40 mwenye kutetemeka, kukakamaa au shingo inayojipinda anapaswa kufikiriwa ugonjwa wa Wilson, ambao shaba hurundikana kwenye ini na ubongo. Ni adimu, lakini una dawa, na ukicheleweshwa unaua. Hugunduliwa kwa vipimo vya damu na mkojo na kwa kutazama macho kwa taa ya daktari wa macho. Kwa wagonjwa hao ultrasaundi huonyesha mng'ao katika kiini kingine, kilicho juu ya ubongo wa kati, kiitwacho lentifomu.

Kiini hichohicho hung'aa pia katika magonjwa mawili yanayojifanya Parkinson kwa wazee. Moja huharibu mfumo wa presha na mkojo mapema, jingine humfanya mtu aanguke chali na kushindwa kuteremsha macho, na yote mawili hayaitiki vizuri kwa levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Katika hili la pili, ventrikali ya tatu, ule mfereji wa maji katikati ya ubongo, hupanuka kupita milimita 10. Lentifomu ing'ae, substansia nigra ising'ae: daktari akiona picha hiyo kwa mtu aliyeambiwa ana Parkinson, inampasa aanze upya.

Hesabu Ngumu:

Nimekubali kuhusu kambi. Lakini kwa nini tusitumie kitu chenye uhakika zaidi? MRI ziko Mombasa.

Tabibu Nyali:

MRI ya kawaida ya mgonjwa wa Parkinson mara nyingi husomwa kuwa ya kawaida, na hilo huwashangaza watu waliolipa. Kazi yake ni kuondoa mengine: uvimbe, maji ubongoni, viharusi vidogovidogo. Kinachoonyesha upungufu wa dopamini wenyewe ni skani ya nyuklia, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2000 na Marekani mwaka 2011. Inahitaji dawa yenye iodini 123, iodini ya mionzi ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa kama 13, kwa hiyo ikichelewa uwanja wa ndege huna kitu. Na hata ikifika, haitenganishi vizuri Parkinson na yale magonjwa mawili niliyoyataja, kwa sababu yote yanapunguza dopamini. Ultrasaundi inaweza kusaidia hapo, na ndiyo sababu mimi huviona vipimo hivi viwili kama vyenye maswali tofauti.

Mpigapicha wa Kizingo:

Na mimi nirudishe mjadala nyumbani, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba mashine ipo basi tuanze kesho. Ile mipaka ya 0.20 na 0.25 haikuteremka kutoka mbinguni. Kila maabara hupima watu wenye afya kwa mashine yake, huwapanga kutoka eneo dogo hadi kubwa, na kuchora mstari unaowaacha asilimia 90 chini yake. Mashine ya kampuni nyingine, au hata mpangilio tofauti wa mwanga kwenye mashine ileile, husogeza mstari huo. Sasa mtu akichukua mstari uliochorwa kwa Wajerumani, kwa mashine isiyo yetu, akauweka juu ya panja la mzee wa Mji wa Kale au wa Changamwe, anapima nini hasa? Hajui hata ni wazee wangapi wa pwani ambao mfupa wao unapitisha mawimbi.

Kwa maoni yangu kazi ya kwanza Mombasa ni kuwapima watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa mwendo, wanaume kwa wanawake, kwa mashine moja, mpangilio mmoja, na wapimaji wawili wasioambiana walichokiona, ili ijulikane mikono yao inatofautiana kiasi gani. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Bila hiyo tutakuwa tunauza namba.

Dada Tudor, daktari akiona kwamba baba anahitaji kipimo hiki, mwombe aandike swali kwenye karatasi ya rufaa, asiandike tu «ultrasaundi ya ubongo». Aandike umri, upande ulioanza, dawa na muda wake, na kwamba anataka kujua kama substansia nigra inang'aa kwa mtu anayetumia sinarizini. Mpimaji naye aandike kama dirisha la mfupa lilitosha kila upande, ukubwa wa mng'ao wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake, hali ya lentifomu, upana wa ventrikali ya tatu, na mpaka alioutumia pamoja na jina la mashine. Ripoti inayosema tu «ana Parkinson» irudishwe kwa aliyeiandika, kwa heshima.

Binti Tudor:

Tumepata nafasi kwa daktari Alhamisi. Nimeandika dawa zote na tarehe kadiri mama anavyozikumbuka, na nimemrekodi baba kwa simu akiwa ameketi na akiwa anatembea uani, kwa idhini yake, maana mbele ya daktari huwa anaukamata mkono kwa mkono mwingine.

Tabibu Nyali:

Rekodi hiyo ni bora kuliko maelezo yetu yote. Mrekodi pia akigeuka. Hesabu ya hatua anazotumia kugeuka humwambia daktari mengi.

Hesabu Ngumu:

Mpigapicha, kuhusu hao wazima wa kupimwa. Barazani kwetu jioni hawakosekani wazee, na wengi wanajivunia kwamba hawajawahi kulazwa. Nikikuletea, utawapima?

Mpigapicha wa Kizingo:

Si kwa mlango wa nyuma. Huo ni utafiti juu ya binadamu, kwa hiyo unahitaji kamati ya maadili ya taasisi iupitishe, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti Kenya, na kila mzee asaini baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Na kabla ya kumlaza yeyote lazima tuwe tumeamua tutamwambia nini yule mmoja kati ya kumi atakayeonekana na mng'ao ilhali hana dalili hata moja: anaweza kuchagua kutoambiwa, na uchaguzi huo uandikwe kabla ya kipimo. Tabibu, ukiwa na msimamizi anayekubali kubeba andiko la namna hiyo, niandikie faraghani. Upande wa mashine na picha nitaushika mimi.

Tabibu Nyali:

Ninaye ninayemfikiria. Nitamuuliza kabla ya mwisho wa mwezi, na Ndugu Hesabu asianze kuwaahidi wazee wake kitu bado.